Uchungu ukianza mapema tena, nimeze dawa mbili kwa pamoja?

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni msomaji wako wa Morogoro, mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31. Nina mtoto mmoja wa kiume anayekaribia miaka mitatu, na sasa nina mimba ya wiki 21. Naandika kwa sababu nyumbani tumegawanyika na mimi mwenyewe usingizi umenipotea.

Mimba ya kwanza iliishia wiki ya 29. Jioni moja nikiwa nasahihisha madaftari, tumbo likaanza kukaza na kuachia, kiuno kikawa kinavuta. Mama mkwe akasema ni uchungu wa uongo, nikalala. Usiku wa manane ikawa kila baada ya dakika chache. Kituo cha afya walinipima wakasema njia imefunguka sentimita mbili. Wakanichoma sindano ya paja, wakaita gari, nikapelekwa hospitali kubwa.

Huko nilipewa vidonge vya kumeza, nifedipini, nikaambiwa vinatuliza mfuko wa uzazi. Kumbe ndivyo hivyo hivyo mama yangu mzazi anavyomeza kwa ajili ya presha! Zile sindano za paja ziliendelea kila baada ya saa 12, na nikawekewa dripu ya magnesiamu. Mama Mkunga, ile dripu sitaisahau. Joto lilipanda kutoka kifuani hadi usoni, mate yakajaa mdomoni, nikataka kutapika. Nesi alikuwa anakuja kila mara na kijinyundo, ananigonga chini ya goti, anaangalia mfuko wa mkojo, kisha ananiambia nisiongee kwa sababu anahesabu pumzi zangu. Nikawa nawaza, mimi naumwa tumbo, goti linahusu nini?

Uchungu ulitulia. Siku iliyofuata nilikunywa uji, nikapiga na soga. Siku ya tatu asubuhi ukarudi kwa nguvu. Mume wangu alikuwa ameshaongea na rafiki yake mwenye duka la dawa, akaambiwa kuna salbutamoli, dawa ya pumu, kwamba zamani wajawazito walikuwa wanapewa na mimba inakaa. Akamwomba daktari aongeze hiyo juu ya vile vidonge. Daktari akanipima, akakuta sentimita sita, akamjibu: "Baba, kuzuia tumefika mwisho. Sasa tujiandae kumpokea mtoto." Mume wangu hajamsamehe mpaka leo.

Mtoto alizaliwa mchana ule ule, kilo moja na gramu 150. Tulikaa sana wodi ya njiti, nikimbeba kifuani usiku na mchana. Sasa anakimbia, anaongea kupita kiasi, na kliniki wanasema hana tatizo. Lakini ile hofu haijanitoka.

Sasa mume wangu amejipanga. Amenunua pakiti ya salbutamoli, na kwa mama amechukua karatasi moja ya vidonge vya presha. Viko kwenye pochi ya kliniki pamoja na kadi yangu. Mpango wake ni kwamba tumbo likikaza tu nimeze vyote viwili, ili hata usafiri ukichelewa tuwe tumeshazuia. Anasema hospitali walishindwa kwa sababu walitumia dawa moja. Wifi yangu, ambaye alikuwa muuguzi msaidizi miaka mingi iliyopita, anamuunga mkono, anasema aliona kwa macho yake wakichanganya. Mama yangu anataka vidonge vyake virudi. Mimi niko katikati.

Je, dawa mbili au tatu zinashikilia mimba kuliko moja? Kwa nini daktari alikataa? Na safari hii nifanye nini? Halafu, samahani kwa hili, wifi anasema mimi na mume wangu tusikutane kimwili mpaka nijifungue. Ni kweli?

Mama Njiti, Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera ya mimba.

Kabla sijaeleza lolote, fungua hiyo pochi ya kliniki utoe vidonge. Karatasi ya mama irudi kwa mama leo, maana presha yake haisubiri mjadala wenu umalizike. Salbutamoli isikae mahali ambapo mtu mwenye hofu ataifikia saa nane za usiku. Ukishafanya hivyo, kaa na mumeo msome pamoja yanayofuata.

Mumeo simlaumu. Alisikia kuna dawa nyingine duniani, akaona mkewe hakupewa. Mwanaume gani hatakasirika? Ila anaposema hospitali walishindwa, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba uchungu ulianza usiku, ukatulia, mtoto akazaliwa siku ya tatu mchana. Katika muda huo ulimaliza sindano zote za paja. Hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Hakuna aliyekusudia kukufikisha miezi tisa kwa vidonge, na kama kuna mtu aliwaahidi hivyo, aliwadanganya.

Dawa za kutuliza mfuko wa uzazi, ziwe nifedipini, salbutamoli au nyingine yoyote, hazitibu kilichoanzisha uchungu. Chanzo kinaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya ukeni, kondo linaloanza kuachia, shingo ya kizazi iliyolegea, mapacha waliojaza nafasi, na mara nyingi hakijulikani kabisa. Dawa inalegeza misuli tu, na kwa muda. Tunachoomba kwayo ni saa 48. Ikizidi hapo tunashukuru.

Saa 48 za nini? Za mambo mawili. La kwanza ni kumfikisha mama mahali penye wodi ya njiti, penye oksijeni na watu wanaojua kumhudumia mtoto wa kilo moja. Gari lililokutoa kituo cha afya usiku ule lilikuwa sehemu ya matibabu kama kidonge kilivyokuwa. La pili ni zile sindano za paja. Hizo ni deksamethasoni, na wala hazigusi uchungu. Zinapita kwenye kondo, zinaenda kwa mtoto, zinayafanya mapafu yake yatengeneze haraka ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Kwa kawaida ni sindano nne, kila moja baada ya saa 12, na faida yake huonekana zaidi saa 24 zikishapita tangu ya kwanza. Sasa unaelewa kwa nini yule muuguzi wa kituo cha afya alikuchoma ya kwanza kabla gari halijafika. Ningemjua ningempa mkono.

Jambo hili si geni. Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, ndio walioonyesha mwaka 1972 kwamba sindano za aina hii zinapunguza watoto kuzaliwa wakihangaika kupumua. Wengi walijiuliza kama zitafaa pia kwenye hospitali zetu ambako vifaa si vingi. Mwaka 2020 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh: kwa kila wanawake 25 waliochomwa deksamethasoni, mtoto mchanga mmoja zaidi aliokolewa. Na hapo tunazungumzia dawa ya bei ndogo iliyojaa kwenye stoo zetu. Kwa hiyo mumeo akiniuliza ni dawa gani ilimwokoa mwanawe, nitamwambia atazame ile sindano ya paja, na joto la kifua chako baadaye, kabla hajafika kwenye vidonge.

Sasa swali lako la msingi: mbili si zaidi ya moja?

Ukilifikiria haraka linaonekana hivyo. Kila dawa hushika kwa njia yake. Nifedipini huzuia madini ya kalsiamu yasiingie kwenye msuli, na msuli bila kalsiamu haukazi. Salbutamoli na ndugu zake huuamsha mfumo ule ule unaofungua mirija ya mtu wa pumu. Indomethasini huzima kemikali zinazochochea uchungu. Atosibani, inayotumika sana Ulaya lakini haijaidhinishwa Marekani, huziba mlango wa homoni ya uchungu. Basi si tufunge milango yote? Madaktari nao waliwaza hivyo, wakajaribu. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 11 ya kuchanganya dawa hizi. Wakakuta ni madogo, kila moja lina mchanganyiko wake, na hakuna lililoweza kuonyesha kwamba mtoto anafaidika zaidi. Mwaka 2022 walirudi na uchambuzi mkubwa zaidi wa majaribio 122, safari hii wakipanga aina zote za dawa pamoja na michanganyiko. Ndiyo, michanganyiko ilikuwa miongoni mwa zilizoweza kusogeza kuzaliwa kwa saa 48. Mumeo hapo atataka kuruka juu. Asubiri: nifedipini peke yake nayo ilikuwemo kwenye kundi hilo hilo, na waliopewa michanganyiko walikuwa miongoni mwa waliolazimika zaidi kuachishwa dawa kwa sababu ya madhara.

Kuna jambo jingine ambalo hata sisi wa kazi hii tunalisahau tukiwa kwenye pilika. Kusogeza siku si sawa na kumwokoa mtoto. Mwaka 2025 yalitangazwa majibu ya jaribio lililoongozwa na Waholanzi, ambapo wanawake wa kati ya wiki 30 na 34 walipewa ama atosibani ama dripu isiyo na dawa. Hali za watoto hazikutofautiana vya kutosha kusema dawa imesaidia. Ikiwa dawa moja inabishaniwa hivyo na wenye mashine zote, mimi sioni ujasiri wa kuongeza ya pili na ya tatu unatoka wapi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2022 lilichagua nifedipini iwe ya kwanza, kwa masharti, na likasema kundi la salbutamoli lisitumike kwa kazi hii.

Wifi yako hasemi uongo. Miaka ya nyuma kundi hilo lilitumika sana. Ritodrini, dawa ya kundi hilo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1980, na kote duniani wajawazito walitetemeshwa mikono nayo, mioyo ikiwadunda. Wengine walirudishwa nyumbani na vidonge vya kumeza mwezi mzima. Yeye aliona kilichokuwa desturi ya wakati wake. Lakini mwaka 2011 Marekani walitoa onyo kali dhidi ya terbutalini, ndugu wa salbutamoli: vidonge visitumike kabisa kuzuia uchungu, na sindano isizidi siku mbili tatu, kwa sababu moyo wa mama ulikuwa unadhurika na wapo waliokufa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya nayo ikazuia vidonge vya kundi hili zima kwa wajawazito wenye uchungu. Mwambie wifi kwa heshima zake zote kwamba darasa liliendelea baada ya yeye kuondoka.

Nikwambie sasa kile ambacho kingekupata kwenye ule mpango wa pochi. Nifedipini inatanua mishipa ya damu na kushusha presha. Salbutamoli nayo inatanua mishipa, tena inaupeleka moyo mbio. Ukimeza zote umesimama jikoni usiku, presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka, na presha ya mama ikishuka sana, damu inayofika kwa mtoto nayo inapungua. Vidonge vya mama yako, kwa kuwa ni vya presha, huenda ni vile vya kuyeyuka taratibu kwa saa nyingi. Mtu mwenye haraka huvitafuna, na dozi ya siku nzima ikaingia kwa mara moja. Halafu unafika hospitali, wanakuwekea maji ya dripu na kukuchoma deksamethasoni bila kujua umekuja na nini tumboni. Salbutamoli pamoja na sindano hizo na maji mengi ndiyo njia inayojulikana ya mjamzito kujaa maji kwenye mapafu. Mama mwenye mapacha ndiyo hatari zaidi.

Na bado sijataja linalonitisha kuliko yote: hujui kwa nini tumbo linakaza. Kama kondo limeanza kuachia, unavuja damu kwa ndani, na mtoto anahitaji kutolewa, si kuzuiwa. Kama chupa imepasuka na maambukizi yameingia, kila saa unayomshikilia mtoto humo ni saa ya kumchemsha. Kifafa cha mimba kikinyemelea, hivyo hivyo. Hospitali, kabla ya kidonge cha kwanza, wanakupima joto, presha, damu, mkojo, mapigo ya mtoto, wanabonyeza tumbo kuona kama limekuwa gumu kama ubao. Pochi haipimi chochote.

Nakusikia ukisema, mbona hospitali walinichanganyia? Nilipewa nifedipini, nikawekewa na magnesiamu.

Swali zuri, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ulichopewa si dawa mbili za kazi moja. Nifedipini ilikuwa ya mfuko wa uzazi. Deksamethasoni ya mapafu ya mtoto. Magnesiamu, kwa mimba yako ya wiki 29, ilikuwa ya ubongo wa mtoto: akizaliwa kabla ya wiki 32, dripu hiyo inapunguza uwezekano wa kupooza kwa ubongo, ule ulemavu wa viungo tunaouona kwa baadhi ya njiti. Zamani magnesiamu nayo ilitumika kuzuia uchungu, na wapo wanaoendelea kuitumia hivyo, lakini kwa kazi hiyo ushahidi wake ni dhaifu. Mwaka 2013 Marekani walionya kuwa ikiendeshwa mfululizo zaidi ya siku tano hadi saba kwa lengo la kuzuia uchungu, mifupa ya mtoto inapungukiwa kalsiamu. Dripu yako ilikuwa ya muda mfupi, kwa hiyo usianze kumkagua mwanao magoti.

Goti lako wewe ndilo lilikuwa na kazi. Magnesiamu ikizidi mwilini, kitu cha kwanza kupotea ni ule mrusho wa mguu ukigongwa chini ya goti. Baadaye pumzi zinapungua, na mwisho moyo. Magnesiamu hutoka kwa njia ya mkojo, ndiyo maana walikuwa wanautazama mfuko: mkojo ukipungua, dawa inabaki ndani. Na nifedipini ikikutana na magnesiamu, ulegevu wa misuli na kushuka kwa presha vinaweza kuongezeka. Yule nesi na kijinyundo chake, anayekunyamazisha ili ahesabu pumzi, ndiye aliyefanya mchanganyiko ule uwe salama. Kando yake bila shaka kulikuwa na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuiondolea magnesiamu nguvu ikizidi. Umeona tofauti? Hospitali zikichanganya, huchanganya mtu akiwa kitandani na mwingine amesimama pembeni yake.

Wapo madaktari bingwa wanaoongeza dawa ya pili ya kuzuia pale ya kwanza inaposhindwa, au wanaoiacha ya kwanza wakahamia nyingine. Siwezi kusema wote wamekosea. Mwanamke aliye wiki ya 26, hana maambukizi, sindano ya kwanza ya deksamethasoni ameipata saa tatu zilizopita, huyo daktari anaweza kupigania saa chache zaidi, na anajua atamwangalia vipi. Indomethasini, kwa mfano, wengine hutumia mimba ikiwa changa, lakini baada ya wiki 32 huachwa kwa kuwa inaweza kuufunga mapema mshipa mmoja muhimu karibu na moyo wa mtoto, na pia inapunguza maji ya uzazi. (Diklofenaki ya maumivu ya mgongo ni ya ukoo huo huo, kwa hiyo usiipokee dukani kirahisi.) Hayo ni maamuzi ya kitandani kwa mgonjwa, yenye majina, saa na vipimo.

Wewe hukuwa huyo. Siku ya tatu ulikuwa sentimita sita, sindano zimekamilika, uko kwenye hospitali yenye wodi ya njiti. Kuongeza salbutamoli hapo kungekuongezea wewe hatari, na faida kwa mtoto ingekuwa karibu hakuna. Daktari angeweza kumweleza mumeo kwa maneno mengi zaidi, hilo namkosoa. Dakika tano za maelezo zingewaepusha na kinyongo cha miaka mitatu. Lakini uamuzi wenyewe ningeufanya hivyo hivyo.

Tuje kwenye mimba hii, maana wiki 21 ni wakati mzuri sana wa kufanya kazi.

Mwanamke aliyewahi kujifungua njiti ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kurudia. Haina maana lazima urudie. Ina maana kwamba kliniki ya zahanati peke yake haikutoshi. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii, na ukifika sema sentensi hii kabla hujaulizwa: "Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa wiki ya 29." Isirudi nyumbani haijaandikwa kwenye kadi. Omba wakupime urefu wa shingo ya kizazi kwa ultrasaundi, ile inayopimwa kwa njia ya uke. Kipimo hicho kina maana zaidi kabla ya wiki 24, kwa hiyo usiseme utaenda shule zikifungwa. Shingo ikiwa chini ya milimita 25, kuna projesteroni, homoni ya kutunza mimba, ya kuweka ukeni kila siku, na kwa mwenye historia kama yako kuna kushonwa shingo ya kizazi pia. Daktari atachagua. Hivi ndivyo vitu vyenye ushahidi wa kuzuia, kwa sababu vinafanya kazi kabla uchungu haujaanza. Najua zipo sindano na vidonge vingi vya "kushikilia mimba" vinavyoandikwa ovyo. Moja ya sindano hizo za homoni, iliyotumika Marekani kwa zaidi ya miaka kumi kwa wanawake kama wewe, iliondolewa sokoni mwaka 2023 baada ya kuonekana haisaidii. Ukiandikiwa kitu, uliza ni cha nini.

Pima mkojo hata kama huna maumivu, kwa kuwa maambukizi ya mkojo yanaweza kukaa kimya. Pima damu, kaswende, na umeze dozi zako za SP za malaria kliniki. Hakikisha tarehe ya mimba yako imethibitishwa kwa ultrasaundi, na kama bado, hiyo nayo ifanyike kabla ya wiki 24. Uchungu ukianza, umri wa mimba ndio utakaoamua kama upewe deksamethasoni, magnesiamu, au usubiriwe tu. Nimeona kina mama wanabishaniwa kama ni wiki 30 au 36 huku saa zinakwenda.

Kazini endelea, ila punguza kusimama na kubeba. Kulala kitandani miezi mitatu hakujaonyeshwa kuzuia njiti, na damu ya mjamzito asiyetembea huganda miguuni.

Kwenye pochi, mahali pa vile vidonge, weka hela ya usafiri na nakala ya ultrasaundi. Andika namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na mumeo aihifadhi kwenye simu yake leo. Mkubaliane na bajaji mmoja wa jirani pia, maana usiku ni usiku. Dalili unazijua kwa mwili wako: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, kiuno kuvuta, uzito unaosukuma chini, majimaji, ute wenye damu, au damu yenyewe. Safari hii hata mama mkwe akisema ni uchungu wa uongo, mwambie "sawa mama, nesi atakuja kuniambia," huku unavaa viatu. Ukifika, uliza mambo mawili: kama una sifa ya kupata sindano za mapafu, na kama hapo wanaweza kumtunza mtoto wa umri huo au muendelee mbele. Maswali hayo yana thamani kuliko "mniongezee dawa gani."

Na ikitokea azaliwe mapema tena, unajua kazi. Utafiti uliotoka mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ulikuta kwamba njiti wa kati ya kilo 1 na 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo vyao katika siku 28 vilipungua kwa robo. Mwambie mumeo kifua chake nacho kinafaa. Baba mwenye hofu apewe kazi.

La mwisho uliloomba samahani: hakuna haja ya samahani, wengi wanauliza. Kukutana kimwili hakujaonyeshwa kuleta uchungu wa mapema kwa mimba isiyo na tatizo, hata kwa aliyewahi kuzaa njiti. Yanayozuia ni damu kutoka, kondo lililokaa chini, chupa iliyopasuka, au tumbo linalokaza kwa mpangilio. Ukikutwa na shingo fupi au ukishonwa, muulize daktari wako, na umuulize huku mumeo amekaa hapo hapo, asije akaletewa jibu na wifi.